Kitufe cha kuvutia trela kwenye pikapu: lini kinakula mafuta na lini kinayaokoa

Ukibonyeza kitufe chenye picha ya trela kwenye pikapu ya otomatiki, sauti ya injini inabadilika papo hapo. Gia inachelewa kupanda, mshale wa mizunguko unakaa juu kuliko ulivyozoea, na ukiachia pedeli ya mafuta gari linajishika kana kwamba limefungwa kamba kwa nyuma. Madereva wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kukizima, kwa sababu wamefundishwa kwamba injini inayolia ndiyo inayokunywa. Kwa gari tupu wako sahihi. Kwa gari lenye trela ya tani mbili mgongoni, na hasa likiwa mlimani, mara nyingi wanajipunja: wanaokoa kidogo sana au hawaokoi kabisa, huku giaboksi na breki zikilipa gharama.

Kwanza tuelewane kitufe hiki kinafanya nini. Hakiongezi nguvu ya injini hata kilowati moja, na hakiongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta. Kinachobadilika ni ratiba ya kompyuta ya giaboksi. Katika hali ya kawaida kompyuta imepangwa kubana mafuta: inakimbilia gia nyepesi, yaani za juu zenye mizunguko michache, mapema iwezekanavyo na kung'ang'ania huko. Katika modi ya kuvuta inashikilia gia nzito, yaani za chini, kwa muda mrefu zaidi kabla ya kupanda, na inashuka gia mapema zaidi mzigo unapoongezeka. Ukigusa breki kwenye mteremko inashusha gia yenyewe ili injini isaidie kushika gari. Kwenye dizeli zenye breki ya ekzosi, ile inayobana moshi ili injini ishike gari, modi hii mara nyingi huiita kazini pia. Magari mengi yanazima ule mfumo wa kuzima injini unaposimama kwenye taa, na mengine yanabadilisha jinsi pedeli ya mafuta inavyoitika ili usirushe trela wakati wa kuondoka.

Lipo jambo moja ambalo halionekani wala halisikiki, nalo ndilo lenye uzito zaidi kwenye suala la mafuta: konveta.

Konveta ni bakuli la chuma lililojaa oili, limekaa kati ya injini na giaboksi. Ndani yake kuna mapanga mawili yanayotazamana. Moja linazungushwa na injini na kusukuma oili, jingine linasukumwa na oili hiyo na kuzungusha giaboksi. Chukua feni mbili, ziweke uso kwa uso, washa moja tu: upepo wake utaizungusha ya pili, lakini ya pili haitafikia kasi ya ya kwanza. Ile tofauti ya kasi ndiyo hasara, na hasara yote inageuka joto ndani ya oili. Ndiyo maana konveta za leo zina klachi ndogo ndani yake inayoshikanisha pande mbili zikazunguka kama kipande kimoja. Ikifunga, hasara inakaribia sifuri. Ikifunguka, oili inaanza kuchemka polepole. Modi ya kuvuta, kwenye magari mengi, huifunga klachi hiyo mapema zaidi na kuiacha imefunga kwenye gia nyingi zaidi.

Sasa weka namba. Tuseme injini inapeleka kilowati 60 mlimani na konveta imefunguka, inapitisha asilimia 90 tu ya nguvu hiyo. Kilowati 6 zinabaki ndani ya oili. Hizo ni sawa na birika tatu za umeme zinazochemsha oili ya giaboksi yako bila kupumzika. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 10, na injini nzuri inageuza kama theluthi yake tu kuwa kazi. Kwa hiyo kuzalisha zile kilowati 6 zinazopotea kunahitaji karibu lita 1.8 za dizeli kwa saa. Kama unapanda kwa kilomita 60 kwa saa, ni karibu lita 3 kwa kila kilomita 100, zimekwenda kupasha oili. Hapo ndipo gari linaloonekana limetulia kwenye gia nyepesi, injini haina kelele, linapokula mafuta kimyakimya kuliko lile linalounguruma kwenye gia iliyo chini yake.

Mafuta yanaenda wapi hasa

Kabla ya kukilaumu au kukisifu kitufe, angalia kwanza mzigo wenyewe. Chukua pikapu ya kilo 2,300 inayovuta trela ya boksi yenye kilo 2,000, jumla kilo 4,300. Tairi peke yake, kwenye lami kavu, zinadai nguvu ya takriban nyutoni 500 ili zizunguke. Upepo, kwa trela yenye uso mpana ulio wima, unadai kama nyutoni 1,125 kwenye kilomita 90 kwa saa. Jumla ni nyutoni 1,630 hivi, sawa na kilowati 41. Pikapu hiyohiyo bila trela inahitaji takriban kilowati 17 tu kwa mwendo huo.

Hapo unaona kwa nini trela inaweza kukaribia kuongeza ulaji maradufu hata kwenye barabara tambarare, kitufe kikiwa kimewashwa au kimezimwa. Na unaona mwizi mkubwa ni nani. Si uzito, ni upepo. Panda hadi kilomita 110 kwa saa: sehemu ya upepo inaruka hadi nyutoni 1,680, jumla inakuwa karibu 2,190. Kila kilomita sasa inadai kazi zaidi kwa theluthi moja kuliko ulipokuwa kwenye 90. Shuka hadi 80 na unaokoa karibu asilimia 14 ikilinganishwa na 90. Safari ya kilomita 100 inachelewa dakika nane tu. Hakuna kitufe, kiongezeo cha mafuta wala kichujio cha hewa cha bei mbaya kitakachokupa asilimia 14. Anayelalamika kwamba modi ya kuvuta inamfilisi huku anakimbia 110 na boksi nyuma, aanze na mguu wake wa kulia.

Hesabu hizi ni za trela ya boksi. Trela bapa yenye mzigo wa chini usiopita urefu wa kabini inasumbuliwa na upepo kidogo sana, na hapo uzito unaanza kuwa na sauti zaidi. Turubai linalopepea ni breki pia: kaza kamba mpaka litulie.

Gari tupu

Hapa jibu ni fupi: zima.

Injini ina msuguano wake wa ndani, pistoni, beringi, pampu, na msuguano huo unalipwa kwa kila mzunguko, uwe na mzigo au usiwe nao. Kwa makadirio, dizeli ya lita 3.0 inayozunguka mara 1,700 kwa dakika inameza yenyewe kama kilowati 6.4. Ikizunguka mara 2,400 kwa mwendo uleule wa gari, inameza kama 9. Tofauti ya kilowati 2.6 haikupi chochote, na kwa mwendo wa 90 inakugharimu takriban robo tatu ya lita kwa kila kilomita 100. Kwa petroli hali ni mbaya kidogo zaidi, kwa sababu mlango wa hewa unakuwa umefungwa nusu na injini inahangaika kuvuta pumzi kupitia tundu dogo. Mjini ndiko hasara inakoonekana wazi, maana kila unapoondoka gia zinachelewa kupanda. Isitoshe, injini nyingi za V8 huzima baadhi ya silinda zikiwa hazina kazi, na katika baadhi ya magari modi ya kuvuta inazuia au kupunguza akiba hiyo.

Kwenye barabara yenye utelezi, gari tupu na modi hii ni mchanganyiko wa hatari. Gia ikishuka ghafla tairi za nyuma, ambazo hazina uzito juu yake, zinaweza kuteleza na mkia ukatoka.

Swali linalofuata ni mzigo upi unatosha. Vitabu vya General Motors vinasema modi hii inafaa zaidi uzito wa pikapu na trela kwa pamoja unapofikia angalau asilimia 75 ya uzito wa pamoja unaoruhusiwa, ule unaoandikwa GCWR. Kama GCWR yako ni kilo 6,000, mstari wako ni kilo 4,500. Ni kipimo kizuri kwa nchi tambarare. Kwenye milima ningekishusha: trela ya kilo 1,200 tu, kwenye mpando mrefu, inatosha kufanya gia zianze kuhangaika, na gia zikihangaika tu unabonyeza, hata kama hujafika asilimia hiyo. Kumbuka pia kwamba modi hii si ya trela peke yake. Kreti za matofali au mapipa ya maji kwenye bodi ni mzigo uleule kwa giaboksi.

Mlimani

Kwenye mpando wa asilimia 6, ile pikapu yetu na trela yake inaongezewa nyutoni 2,530 za kuinua uzito peke yake. Ukitaka kushikilia kilomita 80 kwa saa unahitaji kilowati 87 kwenye tairi. Injini ndogo yenye tabo inaweza kuzitoa, lakini si ikiwa imezunguka mara 1,600.

Angalia kinachotokea modi ikiwa imezimwa. Gari linaingia mlimani kwenye gia ya juu kabisa. Mwendo unapungua, unakanyaga. Konveta inafungua klachi yake ili kuongeza nguvu, mizunguko inapanda kidogo bila gia kubadilika. Haitoshi, unakanyaga tena. Gia inashuka mbili kwa mpigo, injini inaruka hadi 3,200, gari linapata nguvu ya ziada, unalegeza mguu. Kompyuta inaona mguu umelegea, inapandisha gia. Mwendo unapungua. Mzunguko unaanza upya, na kwenye mlima wa kilomita tano unaweza kurudiwa mara ishirini. Kila badiliko ni msuguano wa klachi za ndani, na ule muda wote wa katikati konveta iko wazi, zile birika tatu zinachemka.

Modi ikiwa imewashwa, gia inashuka mara moja na kubaki hapo. Injini inatulia kwenye 2,600 au 2,800, konveta imefunga, na mguu wako hautikisiki. Kelele ni kubwa zaidi. Mafuta, kwa kilomita, ni karibu yaleyale, na mara nyingine ni pungufu.

Kwa petroli yenye tabo ipo sababu nyingine ambayo ni nadra kusemwa. Injini ikilazimishwa kutoa nguvu nyingi kwa mizunguko michache, shinikizo ndani ya silinda linakuwa kubwa mno na mchanganyiko unataka kujilipukia kabla ya wakati wake. Kompyuta inajilinda kwa njia mbili: inachelewesha cheche, hivyo nguvu inapotea, na inamwaga petroli ya ziada ili kupoza chemba, tabo na kichujio cha moshi. Petroli hiyo haisukumi gari. Ukishuka gia moja, kila pistoni inapigwa kwa nguvu ndogo zaidi lakini mara nyingi zaidi, na kompyuta inaacha kumwaga. Dizeli haina tabia hiyo, ila nayo ikikandamizwa chini ya mizunguko inayofaa joto la ekzosi linapanda na moshi mweusi unaongezeka, na masizi hayo yanajaza kichujio cha moshi, ambacho baadaye kitachoma mafuta kujisafisha.

Ukweli mwingine usemwe pia: kwenye tambarare, na trela nyepesi, upepo ukikusukuma kwa nyuma, modi ya kuvuta inakugharimu. Kama injini inazunguka 2,100 wakati 1,700 ingetosha, kwa dizeli yetu ya lita 3.0 hasara ni asilimia tatu hivi. Unaweza kuizima kwenye kipande kirefu cha aina hiyo, kwa sharti moja: gia ya juu itulie. Ikipanda na kushuka zaidi ya mara moja au mbili kwa dakika, washa tena.

Kwa nini joto ni kitu cha kuogopwa, angalia namna pikapu zinavyopewa uwezo wake wa kuvuta. Kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kiitwacho J2807 kinatumia mpando wa Davis Dam huko Arizona, Marekani, kama kilomita 18 za kupanda. Joto la hewa liwe angalau nyuzi 38, kiyoyozi kimewashwa hadi mwisho, na pikapu ya tairi moja kila upande wa nyuma isishuke chini ya kilomita 64 kwa saa. Gari linaloshindwa pale mara nyingi linashindwa kwa kupoza, si kwa kukosa nguvu.

Oili ya giaboksi inafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95. Ikipita 110, punguza mwendo na ushushe gia. Ikifika 120, tafuta mahali pa kusimama. Usizime injini. Vuta breki ya mkono, weka gia fri, kisha shikilia mizunguko kama 1,200 kwa dakika tatu hadi tano. Pampu ya giaboksi itaendelea kusukuma oili kupitia kipozeo, na utaona geji ikirudi. Ukizima papo hapo, oili ya moto inasimama palepale ilipo na kuungua. Mafundi wanakadiria kwamba kila nyuzi 10 hivi juu ya kiwango chake zinapunguza maisha ya oili kwa nusu. Chomoa kijiti, futa kwenye karatasi nyeupe: nyekundu angavu ni nzima, kahawia yenye harufu ya mkate ulioungua inatakiwa kumwagwa. Magari mengi ya sasa hayana kijiti, basi soma joto kwa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia hitilafu za gari, chini ya usukani. Hakikisha kifaa hicho na programu yake vinaonyesha joto la giaboksi, si la maji ya rejeta tu.

Mteremkoni

Imani kwamba kelele ni mafuta inadanganya kuliko kote kwenye mteremko. Gari likiwa kwenye gia, mguu ukiwa umetoka kabisa kwenye pedeli, kompyuta inafunga nozeli zinazopuliza mafuta. Mafuta yanayoingia ni sifuri. Injini inazungushwa na tairi, na hata ikilia 3,500 hailambi hata tone. Nozeli zinafunguka tena mizunguko inapokaribia ile ya gari lililosimama, ndiyo maana gia nzito, inayoweka mizunguko juu, inarefusha muda wa kutotumia mafuta.

Linganisha na anayeshuka na fri akidhani anabana. Injini yake lazima iendelee kuunguruma yenyewe, na dizeli ya lita 3.0 iliyosimama inakunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Kwa hiyo anatumia mafuta zaidi ya yule mwenye kelele, na breki zake ziko peke yake.

Ziko peke yake dhidi ya nini? Pikapu yetu na trela, kilo 4,300, ikishuka asilimia 6 kwa kilomita 60 kwa saa, baada ya upepo na tairi kuchukua sehemu yao, bado inazalisha karibu kilowati 25 ambazo lazima zifie mahali fulani. Kwa dakika kumi, joto hilo lote likienda kwenye diski na ngoma, oili ya breki inachemka. Oili ya breki ya daraja la DOT 3 iliyokwishanyonya unyevu inachemka kwenye nyuzi 140 tu, DOT 4 kwenye 155. Ikichemka, pedeli inazama hadi sakafuni na hakuna kitu. Injini kwenye gia ya tatu inaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo huo bure.

Namna ya kushuka: kabla ya ukingo wa mteremko, si baada yake, punguza hadi mwendo unaotaka kushukia. Modi iwe imewashwa. Gari likianza kuchukua kasi, kanyaga breki kwa uthabiti sekunde tatu au nne mpaka upungue kilomita 8 hadi 10 kwa saa, kisha achia kabisa. Utasikia gia ikishuka. Kama haikushuka, rudia, au ishushe kwa mkono. Usiiweke breki ikigusa kidogokidogo njia nzima. Huko ndiko kuzipika. Kama trela ina breki za umeme, ziweke sawa kabla ya safari: kwenye uwanja mtupu, kwa kilomita 40 kwa saa, bana kidhibiti kwa mkono. Trela inatakiwa kulivuta gari nyuma waziwazi bila tairi zake kujifunga. Zikijifunga, punguza kiwango.

Pikapu isiyo na kitufe

Pikapu nyingi za tani moja hazina modi ya kuvuta. Zina ECO ya kubana mafuta na PWR ya nguvu, na watu wanaichukulia PWR kuwa mbadala. Si mbadala kamili. Kazi yake kubwa ni kuifanya pedeli iwe kali. Kazi ya kushikilia gia unaifanya mwenyewe.

Sogeza mkono wa gia hadi S au M. Kwenye Toyota nyingi, S4 ikionekana kwenye dashibodi maana yake giaboksi inaruhusiwa kutumia gia ya kwanza hadi ya nne, si kwamba imefungwa kwenye ya nne. Kwa hiyo ukiacha gia ya mwisho moja au mbili umepata karibu kila kitu ambacho modi ingekupa, isipokuwa ile ya kushusha gia yenyewe ukigusa breki. Kwenye magari mengine M inafunga gia uliyochagua, hivyo usisahau kuipandisha ukifika tambarare. Kwa giaboksi ya klachi, usivute kwa gia ya mwisho mlimani kamwe, na kwenye baadhi ya pikapu kitabu kinakataza gia hiyo wakati wowote unapovuta. Ukikanyaga zaidi na mwendo hauongezeki, injini inatetemeka kwa sauti nzito ya kifua, uko kwenye gia nyepesi mno.

Iwe una kitufe au huna, zima kruzi kwenye vilima. Kruzi inataka mwendo uleule juu na chini, na itamwaga mafuta yote ili usipoteze kilomita mbili kwa saa. Mguu wa binadamu unaona kilele kilipo na unakubali kupungua kidogo.

Kupima mwenyewe

Namba ya dashibodi inaweza kukosea kwa asilimia kadhaa, tena kwa upande wa kukupendeza. Kipimo cha kuaminika ni cha tangi hadi tangi. Jaza kwenye pampu mpaka ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Weka sifuri kihesabu cha safari. Endesha kilomita 120 hadi 150, nusu ya kwenda na nusu ya kurudi kwa njia ileile, ili vilima na upepo vifutane. Rudi kwenye pampu ileile, gari likielekea upande uleule, jaza mpaka ikate mara ya kwanza. Lita zidisha kwa 100, gawa kwa kilomita: lita 27.3 kwa kilomita 142 ni lita 19.2 kwa kila 100, au kilomita 5.2 kwa lita.

Fanya hivyo mara tatu: modi imezimwa, imewashwa, kisha imezimwa tena. Kama ile ya kwanza na ya tatu zinapishana kwa asilimia tano, upepo au msongamano umeharibu kipimo na huwezi kusema lolote kuhusu ile ya kati. Mzigo usibadilike, mwendo usibadilike.

Kabla ya kuanza, ondoa wezi wadogo. Upepo wa tairi upimwe asubuhi zikiwa baridi, za pikapu kwa namba ya kibandiko cha mlangoni ya mzigo kamili, za trela kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake kama ni tairi maalumu za trela. Panga mzigo ili uzito unaokandamiza ndoano uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, yaani kilo 200 hadi 300 kwa trela ya tani mbili. Ukiwa pungufu trela itayumba. Kisha endesha kilomita 15, simama bila kukanyaga breki sana, na sogeza kiganja karibu na kila haba ya trela, yaani kitovu cha gurudumu. Vuguvugu ni sawa. Moja ikiwa moto kiasi cha kurudisha mkono nyuma wakati nyingine ni vuguvugu, hapo breki imeshika au beringi imekaukiwa grisi, na hakuna modi ya giaboksi itakayofidia mafuta yanayopotelea hapo.

Mwisho wa safari ya kuvuta dizeli yenye tabo, iache iungurume dakika mbili au tatu kabla ya kuzima. Na ukishafungua trela, tazama dashibodi kabla ya kuondoka: kwenye magari mengine modi inajizima unapozima injini, kwenye mengine inabaki ilivyo, na ile taa ndogo ya trela inaweza kuwaka wiki nzima ya safari za mjini bila mtu kuiona.